Imondo Niliyokula Isiyo Yangu

Kwako Kukhu, nyanya yangu na mke wangu wa kwanza,

Pokea salamu kutoka Kakamega mpaka huko Njoro. Magoti yanasemaje? Mkongojo bado unawachapa mbuzi wa jirani? Mimi mzima, nimenenepa, wasichana wa huku wananichungulia, lakini usilie, mwenye boma ni wewe. Nekesa, wewe unayemsomea Kukhu, soma yote, usiruke hata pale usipopapenda.

Huku miwa imewatia watu wazimu. Imepandwa mpaka mlangoni mwa choo, na kila mwenye miwa anataka kitu chenye magurudumu. Ndiyo maana gereji yetu haikauki kazi. Na mimi wa darasa la tano nanyoosha bodi za trekta mpaka wenye vyeti wanakuja kutazama.

Sasa, mwezi uliopita akaja Mzee Andayi, mkulima wa miwa. Amenunua gari la kizamani lililoachwa na mzungu kule Lugari, limelala bandani miaka mingi, kuku wakitagia ndani. Boneti refu kama jeneza, limebonyezwa na boriti. Akasema mbele yetu, "Atakayenyoosha hili nitamchukua awe fundi wangu nyumbani. Trekta zote zitakuwa mkononi mwake."

Nikaruka. "Ni mimi, Mzee!"

Kumbe boneti si la chuma, ni alumini. Mimi nimezoea chuma: unachoma mpaka kiwe chekundu, ndipo unapiga. Nikawasha gesi, nikangoja wekundu. Alumini haiwi nyekundu, Kukhu. Inakutazama tu na weupe wake, halafu ghafla inadondoka kama uji. Nilitoboa tundu la kupita yai.

Ndipo bosi akamleta Makokha, kijana wa rika langu kutoka Khwisero, anayeziba sufuria za wamama sokoni. Sufuria! Jina lake lenyewe hawezi kuliandika. Nikamwambia, "Wewe, hapa hatupiki."

Akainama kwenye tundu. "Mbona naona kitu kimeungua?"

Gereji nzima ikacheka, bosi pia.

Akatoa sabuni ya kufulia, akaipaka boneti lote. Akapitisha moto kwa mbali, polepole, mpaka sabuni ikawa kahawia, halafu nyeusi. Akazima. "Ikishakuwa nyeusi, alumini imelainika. Ukizidisha hapo, utalia." Akalaza boneti juu ya gunia la mchanga, akaligonga kwa nyundo ya mti. Likigoma, anapaka sabuni tena. Tundu langu akaliziba. Siku tisa mimi nilishika msasa tu, nikiomba alipasue mahali. Hakupasua. Mwishowe liling'aa mpaka ungeweza kuhesabu meno uliyobakisha. Kwa wivu nilikula ugali nikaona pumba.

Siku ya kuchukua gari, bosi alikuwa ameenda Iguhu kumwona mgonjwa hospitalini. Mzee Andayi hakuwa amekanyaga gereji tangu alete gari. Alikuja na mkewe, wakatuletea ugali na kuku, obusuma na ingokho kama kwako, kisha Mzee akatoka kulijaribu gari barabarani. Makokha ananawa. Nikaona imondo, ile firigisi, imewekwa juu ya nyama, peke yake. Unajua sisi: imondo ya kuku ni ya mwenye heshima siku hiyo, ukiila umejitaja kuwa ndiye uliyefanya kazi. Mkono wangu ulienda wenyewe, Kukhu. Niliimeza karibu nzima.

Mzee akarudi, akatazama sahani. "Imondo imeliwa na nani?"

Nikasema, "Mimi."

"Basi fundi ni wewe! Jumatatu uje kwangu. Milango nayo ni alumini, na yote imebonyea."

Nikamtazama Makokha, nikitaka anikane. Alitabasamu, maji yakimtiririka viwikoni. "Nenda, fundi." Afadhali angenizaba kofi.

Jumamosi nilinunua jogoo, nikampelekea chumbani kwake. "Nimekuja kukurudishia."

"Umeniletea imondo?"

"Nimeileta na mwenyewe."

Tukawaita vijana wa gereji. Nilichinja, nikanyonyoa, nikapika kama bibi arusi, nikaiweka imondo kwenye sahani yake mbele ya wote. Aliitafuna polepole, shetani yule, kama mtu aliyezaliwa nayo mdomoni. Jumatatu tukaenda wote wawili, nikamwambia Mzee ukweli.

Alinikazia macho, akamgeukia Makokha. "Na huyu nimfukuze?"

"Mwache, Mzee. Atanishikia sabuni."

Ndiyo kazi yangu sasa. Makokha ana funguo za stoo, ana kitanda cha chuma, watoto wa boma wanamwamkia. Mimi nashika sabuni. Ila jana aliniachia mlango wa mwisho, akaenda zake kwenye trekta. Nikapaka, nikachoma, nikazima, nikagonga mpaka jua likaegemea miwa. Ulinyooka, Kukhu! Aliporudi akaupapasa, akasema, "Si mbaya." Si mbaya! Yeye ni nani wa kunipimia mimi? Sikulala vizuri kwa hasira, na asubuhi niliamka kabla yake nikaenda kuutazama tena.

Msalimie Mama, na baba mdogo anayekamua ng'ombe akiwatukana, na shangazi anayeimba kanisani kuwashinda wote. Mbwa naye mwambie nipo.

Ni mimi mume wako mdogo, mwenye mikono ya dhahabu hata wasiposema,
Shikuku