Arvid Anavyorudi Langoni

Dada Lempi mpendwa,

Huku theluji haikomi, goti langu linauma vilevile, na ule mkate wako wa iliki uliisha siku ileile ulipofika.

Klabu yangu ya hoki ya barafuni ilinituma chuoni nikampime mwanao Arvid anavyolinda. Kwa washambuliaji wote niliowaona, hakuna anayemfikia: kile kisahani cha kuchezea kikipotea kule mbele, yeye ndiye wa kwanza kurudi. Ila ana kasoro moja. Hurudi hata kabla hakijapotea. Wenzake wanashambulia, yeye keshageuka, analikimbilia lango lake kana kwamba linaungua.

Juzi mazoezini, nikiwa nimekaa nyuma ya lango, kipa alimchoka.

"We Arvid, umehamia kwangu? Nenda kafunge, bwana, mimi nipo!"

Wenzake wakaangua kicheko. Arvid hakucheka. Alimgonga kipa gotini kwa gongo lake, polepole, kama alivyokuwa akimgonga marehemu nduguye Onni alipokuwa kipa wetu huko nyumbani, akasema, "Leo nimewahi."

Nilishindwa kumpa alama, dada. Barafu ya ziwa ilipopasuka chini ya Onni, Arvid alikuwa ng'ambo ya pili, na alikimbia kumwokoa, asiwahi. Nami nilikuwepo makaburini ulipomwambia, "Ungewahi, mwanangu angekuwa hai."

Sikulaumu, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Lakini huyu naye ni mwanao, na hadi leo anakimbia. Mpigie simu, umwambie amefika.

Mdogo wako,
Eino