Dume Alitoka Zizini Kwako

Tata, shikamoo.

Nakuita Tata, baba, kama tulivyozoea nyumbani, lakini nakuandikia kwa Kiswahili, kwa sababu Jumapili barua hii itasomwa kanisani, na siku hizi kijijini tumechanganyika, si wote wanaosikia Kikurya. Nimemwomba mchungaji aisome yeye. Mimi nikisimama nitaanza kuzunguka na maneno, unanijua.

Jambo lenyewe ni hili. Ulikufa watu wakiamini kwamba ulimhonga mkubwa wa Operesheni Vijiji ili nyumba yetu isihamishwe. Ukavuliwa uzee wa kanisa, ukatengwa na meza ya Bwana, ukazikwa bila mchungaji na bila wimbo. Huu ni mwaka wa pili. Na juzi wazee wamenipendekeza mimi nikae katika nafasi yako, kwa kuwa ni karani wa kijiji, nina muhuri, na wakubwa wakija wananiita kwa jina. Nilipoambiwa sikufurahi wala sikuhuzunika. Nilisema tu "ahsanteni," nikaenda kufunga ndama.

Tangu tukuzike niko hivyo. Nakula, lakini ukiniuliza ladha siwezi kukuambia. Kifua changu ni kama mguu ulioukalia muda mrefu: unajua upo, lakini hausikii kitu. Watu wanasema nimekuwa mtu mzima mtulivu. Si utulivu.

Nakumbuka kule kwetu kwa zamani, Nyansurura ya mlimani, tukipalilia ulezi wewe mbele na mimi nyuma, na kila ulipofika mwisho wa mstari ulimpigia mluzi yule ng'ombe dume mwekundu, naye akainua kichwa kule malishoni. Mama yake alikuja kwetu kwa mahari ya dada, kwa hiyo ulimwita mjukuu. Mama alikucheka kwamba mjukuu wako ana pembe. Ulijibu kwamba wajukuu wote wanazo, wengine wamezificha tu.

Hukuwa mpinzani wa serikali, na hilo nataka lisikike. Shamba la ujamaa ulikuwa wa kwanza kufika na jembe. Kadi ya chama uliifunga kwenye kitambaa kimoja na cheti chako cha ubatizo. "Viongozi tunawatii na tunawaombea," ulikuwa ukituambia, "lakini goti ni la Mungu." Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikayaona hayo maneno ya wazee.

Habari za kuhamishwa zilipofika, majirani walitaka wakuu wapelekewe kitu kidogo, na wewe, mzee wa kanisa, uongoze msafara. Ulikataa. Ulisema utakwenda mwenyewe, mchana, mikono mitupu, ukamwombe yule mkubwa watu waachwe angalau wavune kwanza. Ulikwenda. Ulikaa juu ya jiwe nje ya kambi yake tangu asubuhi mpaka jua likaelekea kuzama, ukarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Amesemaje?" nilikuuliza.

"Amesema hana nafasi. Basi nimeongea na Mungu njiani."

Nilikuheshimu sana, Tata, lakini siku ile nilikucheka moyoni. Mkono mtupu haulambwi, nilijisemea. Mzee huyu atatufanya tulale nje kwa sababu ya sala zake.

Alhamisi ulipokuwa kwenye maombi na mama, nilimfungua dume mwekundu nikampeleka kambini. Mkubwa aliuliza ni wa nani. Ningeweza kusema wangu. Nilisema ni wa baba yangu, mzee wa kanisa, nikataja jina lako lote ili zawadi iwe na uzito. Akaliandika. Kisha akaniangalia, akasema nina akili, akauliza kama najua kuandika barua. Ukarani wangu ulianzia pale.

Wewe nilikuambia dume amevuka upande wa pori la Natta na simba amemla. Nani huku kwetu atabisha akiambiwa simba? Hukubisha. Ulichukua fimbo ukaenda kutafuta mabaki, siku mbili, mpaka kwenye mpaka wa hifadhi. Uliporudi miguu ilikuwa imevimba.

"Simba gani huyu asiyeacha hata pembe?" ulisema.

Nilikuletea maji. Ulikunywa, ukanishukuru.

Halafu malori yakaja. Mgambo walianza chini kwa majirani. Paa zilishushwa, vyungu vikapakiwa, kuku wakafungwa miguu, na ulezi ukabaki shambani umesimama. Walipofika kwetu kiongozi wao alitoa karatasi akaisoma kwa sauti, na nusu ya kitongoji ilikuwa pale barabarani ikisikia.

"Hii ya mzee wa dume mwekundu. Iacheni."

Uliniangalia mara moja. Nilitegemea hasira, nikajiandaa kwa hasira, kumbe haikuwapo. Kisha ulichukua ngazi, ukapanda juu ya nyumba yako mwenyewe ukaanza kung'oa nyasi.

"Mzee, wewe umeachwa," kiongozi wa mgambo alikuambia.

"Nimesikia," ulisema, ukaendelea kung'oa. Mama aliingia ndani akaanza kutoa vyungu.

Kijiji kipya hakikuwa na kitu ila vigingi vya kupimia viwanja. Tulijenga kibanda cha mabua ya mahindi na mvua ikatukuta humo. Kikohozi chako kilianza wiki ya kwanza ya mvua. Na majirani walikuwa na uchungu, siwalaumu. Waliona uling'oa paa, lakini wengine walisema ni aibu tu ya kukamatwa. Walikwenda kwa mchungaji, na Jumapili moja baada ya ibada ukasimamishwa.

Mlio kanisani leo mnakumbuka maswali. Mchungaji aliuliza, "Mzee, dume alitoka zizini kwako?"

"Alitoka zizini kwangu."

"Ulitaka nyumba yako ibaki?"

"Nani asiyetaka? Nilitaka."

Hukusema uongo hata neno moja. Hakuna aliyeuliza nani alimpeleka, na wewe hukuongeza. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwako, na kalamu ya ofisi mfukoni. Nilifikiri: nikisema, kazi imekwenda, na mkubwa akisikia nimemtaja nitakwenda ndani mimi mwenyewe. Nikaangalia sakafu. Ulikohoa, ukachukua kofia yako ukatoka. Kabla mvua haijaisha tukakuzika, mimi na mama na majirani wanne, na mmoja wao alikuwa miongoni mwa waliokushitaki.

Naandika haya na mkono hautetemeki, jambo ambalo linanitisha kuliko kutetemeka. Naogopa kwamba nilipouza jina lako niliuza pamoja na kitu changu, na sijui kilichukuliwa na nani.

Jumatatu nilimwonyesha mwenyekiti wa kijiji rasimu ya barua hii. Aliisoma mara mbili, akafunga mlango. "Yule bwana sasa ni mtu mkubwa mkoani," alisema. "Baba yako ameshakufa, hana hasara. Usijitie mchanga kwenye kitumbua chako." Ni mtu mwema, alisema kwa kunionea huruma. Nilimjibu kwamba nimemsikia.

Jana nikamwambia mama. Alikuwa anapepeta ulezi mlangoni. Nilimweleza yote, kuanzia ile Alhamisi, naye hakusimamisha ungo.

"Najua," alisema. "Baba yako aliniambia siku ileile ya malori."

Nilimuuliza kwa nini alinyamaza wakati unatengwa, wakati unazikwa.

"Alinikataza. Alisema huyu kijana anawaogopa wakubwa. Tukimlazimisha aseme, atakuwa ametuogopa sisi, na hatujamsaidia kitu. Alisema tumwachie Mungu." Akapuliza makapi. "Mimi sina imani kama yake. Kila Jumapili nilikuangalia nikasema leo, leo. Nimechoka."

Kumbe ndivyo ulivyokaa kimya, Tata. Nilidhani unanificha watu wasinione. Kumbe ulikuwa unaningoja.

Sikulia. Niliinuka nikatafuta karatasi.

Basi ndugu mlio kanisani, aliyempeleka dume ni mimi. Baba yangu hakujua. Uzee wa kanisa siupokei, na Jumatatu nitaweka muhuri mezani kwa mwenyekiti, anayeutaka auchukue. Mchungaji amesema barua ikiisha mtakwenda pamoja kaburini kumwimbia. Nami nitakuja. Machozi yakija yatanikuta huko, na yasipokuja nitaimba hivyo hivyo.

Pumzika, Tata. Umeningoja vya kutosha.

Mwanao, niliyempeleka dume