Walii wa Zuwena

Jumapili, 12 Januari
Foleni ya magari ya kushuka mlima wa Amerat kuingia mjini, kama kawaida. Kahawa ikanimwagikia kanzuni. Kufika kazini, simu ya mahakama: Zuwena amenishitaki. Dada yangu wa tumbo moja. Anasema mimi, walii wake, msimamizi wa ndoa yake tangu Baba afariki, nimekataa kumwoza kwa Idrisa bila ya sababu.
Nina hasira. Na kuna kitu kingine chini yake sitaki kukitazama.

Jumanne, 14 Januari
Idrisa ni Mtanzania, mtu wa Tabora aliyekuja huku kwa Waarabu kikazi. Kazi yake hospitalini ni kunyoosha viungo vya wagonjwa. Mwaka mzima alikuwa akija kila Jumanne kumnyoosha Mama goti. Mama hachoki kumsifu. Mpole, anaswali, Kiswahili chake kitamu. Siku alipoleta posa tukamwambia asije tena.
Zuwena akahamia kwa rafiki yake, mtaa wa Al Khoudh, karibu na chuo anakosomesha. Mama anachechemea. Hataki mtu mwengine amguse.

Ijumaa, 17 Januari
Baada ya swala wakaja kwetu Ami Said, ndugu yake Baba, na wazee wa ukoo. Wakala, wakanywa chai, wakasema Idrisa si kufu yetu, hatulingani naye. Neno zuri, linafunika mengi. Zamani tungejificha nyuma ya kibali cha serikali cha kuolewa na mgeni. Siku hizi sheria imelegezwa. Kikwazo ni mimi.
Mama alizungumza mara moja tu. "Nnamuogopa Mungu, mwanangu. Lakini na watu nnawaogopa."
Mama mwenyewe ni mweusi kuliko Idrisa. Hilo kwetu halisemwi.

Jumatano, 29 Januari
Niandike kabla sijajidanganya.
Leo mahakamani kadhi aliniuliza kwa Kiarabu. Dini ya Idrisa? Nzuri. Tabia? Nzuri. Kazi? Anayo. Basi unakataa nini? Ami Said, aliyekaa ubavuni kwangu, akaninong'oneza kwa Kiswahili niseme tu. Nami nikamjibu kwa Kiswahili, maana ndivyo tulivyozoea sisi wenye asili ya Unguja. Dukani, ofisini, msibani, tukitaka kuteta mbele ya Waarabu tunaingia Kiswahili. Ni pazia letu.
Nilisema, "Nitasemaje mbele ya kadhi? Kwamba hatutaki watoto weusi nyumbani?"
Nilisahau mkalimani. Aliletwa kwa ajili ya Idrisa, ambaye Kiarabu chake ni cha kuokoteza. Mzee wa watu, kazi yake kutafsiri kila kinachosemwa. Akasimama, akatafsiri. Neno kwa neno, kwa sauti ya kazi, bila ya kunitazama.
Kadhi akaniuliza kama ndivyo nilivyosema. Nikaitikia kwa kichwa.
Idrisa hakuhitaji tafsiri. Alikuwa ameshasikia. Akainama, akawa anatazama viatu vyake.
Nje, Zuwena akanambia, "Nilijua unafikiri hivyo, kaka. Sikujua kama unaweza kulitamka."

Alhamisi, 30 Januari
Sikwenda kazini. Naona haya hata kwa wanangu.

Jumatano, 5 Februari
Kadhi alinipa wiki nifikiri. Nikubali, nimwoze mwenyewe, au atamwoza yeye. Wiki nzima simu iko mfukoni. Kila nikiishika, naona nyuso za msikitini. Leo muda umekwisha. Sikupiga mahakamani kusema nimekubali.
Nilidhani aibu ya juzi itanibadilisha. Wapi. Mwoga ni mwoga.

Alhamisi, 13 Februari
Wameoana. Mahakamani, mashahidi wawili, halua ya dukani. Walii ndiye anayemshika mkono bwana harusi na kutamka "nimekuoza". Kadhi ndiye aliyemshika badala yangu. Mimi nilikuwa garini, ng'ambo ya barabara. Niliwaona wakitoka. Zuwena alikuwa akicheka na shela limemtoka kichwani.
Mama ameniuliza nilikuwa wapi. Nikasema foleni.

Jumanne, 18 Februari
Nimerudi mapema. Viatu vya kiume mlangoni.
Mama amemwita mwenyewe. Hakuniuliza. Alikuwa amelala kwenye zulia, Idrisa amemshika goti, analikunja taratibu, wanazungumzia mihogo ya Unguja na ya Tabora. Zuwena jikoni. Sauti yake imerudi nyumbani.
Idrisa akaniona. Akajifuta mafuta, akasimama, akanipa mkono. "Shikamoo, shemeji."
Nikaupokea. Mkono wenye joto, bado unateleza. Sikujua niuachie saa ngapi. Nikasema marahaba.
Kisha akarudi kwenye goti la Mama, nami nikaenda kuwatilia kahawa.