Mstari wa Penseli

Kwa dada yangu, umbu langu mpendwa,

Amani ya Mwenyezi Mungu na rehema zake zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji yangu na wapwa zangu wote. Natumai kifua kilichokuwa kikikusumbua kimetulia. Sisi tu wazima kwa kadiri ya umri. Magoti yangu sasa hunipa habari ya mvua kabla ya mawingu. Wifi yako anakusalimu sana, na analalamika kwamba ukimya wako umezidi. Nimemwambia ukimya huo una mwenyewe, na mwenyewe si wewe.

Najua kwa nini hujakanyaga nyumba hii tangu msiba wa mama. Ulishindwa kufika mazikoni kwa kuwa ulikuwa umelazwa hospitali, na baba, kwa uchungu, akatamka mbele ya watu kwamba aliyeshindwa kumzika mamaye asije kumzika yeye. Ukalitii neno lake hata alipofariki. Ni juu ya neno hilo ninakuandikia. Niruhusu nianzie mbali kidogo, maana niliyoyajua niliyajua kwa njia ya kamera. Naam, kamera, mimi niliyemfukuza mpiga picha kwenye harusi ya binti yangu mwenyewe.

Vitabu vya baba alivyoviandika kwa mkono vimeanza kuliwa na unyevu. Kamati ya madrasa ikaamua kila ukurasa upigwe picha, ikanunua kamera ya dijitali, na kwa kuwa sikutaka mkono mwingine uviguse, nikajitolea kujifunza. Mwalimu wangu ni mama mmoja mjane mwenye studio ya picha za pasipoti nyuma ya posta. Watu humwita Bi Usicheke, kwa kuwa ndilo neno analowaambia wateja kutwa nzima.

Alinifundisha kwamba kamera haina ujuzi ila wa kupokea nuru. Lenzi ina tundu linalopanuka na kubana kama mboni ya jicho. Nyuma yake pana pazia linalofunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kisha kipo kiwango cha wepesi wa kuhisi nuru, ambacho ukikipandisha mno picha huota chengachenga kama mchanga. Ukizidisha kimoja, punguza kingine. Nikamwambia hiyo ni mizani. Akasema afadhali mimi, maana mwanafunzi aliyenitangulia alidhani ni bahati nasibu. Nilipobonyeza kitufe kwa nguvu hata picha ikatikisika, aliniambia mbele ya wateja kwamba pale si kengele ya mlango, maalim, hakuna mtu ndani. Walicheka, na mara hiyo moja yeye hakuwakataza.

Somo la tatu ndilo lililonivua nguo. Kando ya kidirisha cha kuchungulia pana kigurudumu cha kukirekebisha kilingane na jicho la mpigaji. Nilikizungusha hadi kikagota, na bado nikalalamika kwamba kamera ina ukungu. Akaichukua, akachungulia, akaniuliza kama macho hayo ni yangu au nimeazima kwa jirani. Kisha akavuta kiti, akaniuliza kwa sauti ya chini ni muda gani sioni. Nikamjibu, na hakuna binadamu niliyewahi kumjibu hivyo, kwamba ni mwaka wa nne. Muda wote huo nimesomesha madrasa kwa kumbukumbu, nikifunua kurasa niwasikiapo wanafunzi wakifunua zao.

Juma lililopita alikuja nyumbani kunionyesha namna ya kupiga karatasi. Akafunga dirisha la mbele akaacha la ubavuni, akisema nuru ya usoni huficha na nuru ya ubavuni hufichua. Tukaijaribu karatasi ya wasia wa baba, ile ya wino niliyoihifadhi mwenyewe bila kumpa mtu, isemayo nani amwoshe na vitabu viende wapi. Tulipoikuza picha kwenye kioo cha kamera, chini ya wino pakainuka mstari wa penseli, mwembamba, wa mkono unaotetemeka. Bi Usicheke akausoma: "Neno nililosema juu ya binti yangu nimelifuta. Mwite aje nimwone." Kisha akaniuliza, kwa upole wa mtu asiyejua analouliza, kama huyo binti aliwahi kufika.

Umbu langu, kama nisingejua kwamba pale pana maandishi, barua hii ingekuwa nyepesi. Nilijua. Baba, kiharusi kilipomnyang'anya ulimi, alinipa karatasi ile mwenyewe, siku kumi na mbili kabla ya kufa kwake, akagonga kwa kidole mahali pale pa chini. Ya wino nilikwisha kuyajua tangu alipoyaandika; pale chini niliona kivuli cha kijivu tu. Wifi yako alikuwa chumba cha pili na macho yake mazima. Kumwita kulikuwa neno moja. Lakini mimi ndiye msomaji wa nyumba hii, nikaona haya kusomewa mwandiko wa baba yangu. Nikamwambia baba nimesoma, na yatatekelezwa. Akashusha pumzi. Tangu hapo kila asubuhi aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi. Nami, nikidhani anaulizia vitabu, nilimjibu kwamba yote yamefanyika.

Alikufa akiamini kwamba umeitwa ukakataa. Nawe umeishi miaka mitatu ukiamini hukusamehewa. Waliosema mficha maradhi kilio humfichua walinena kweli, ila kilio changu nimekulilisha wewe.

Ijumaa nilisimama baada ya swala, nikaeleza habari ya macho yangu, nikaomba darasa lipewe mwingine. Hilo halikuniuma. Lililonishinda siku tisa ni kuandika barua hii. Nimeiandika kwa herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea, na wifi yako amenisomea kabla sijaifunga, nisije nikaacha neno. Alipofika mahali pa baba kutazama mlango alisita, akaenda kunawa uso, akarudi akamalizia.

Ndani ya bahasha imo ile picha. Sikuipunguza wala kuing'arisha. Isome mwenyewe, usitegemee kusoma kwangu.

Sikuombi radhi kwenye karatasi. Radhi ya jambo hili huombwa kwa kupiga magoti, nami ningali nayo magoti. Wape wapwa zangu salamu za mjomba wao, na shemeji umwambie namkumbuka kwenye dua. Baba amelala ubavuni mwa mama. Njoo. Umeitwa tangu miaka mitatu iliyopita, na aliyekuchelewesha ni mimi,

Kaka yako.