Mto wa Zambarau Chini ya Laptopu ya Kapteni

Mshauri wangu mpendwa, nakuomba unisome hadi mwisho na unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nina furaha kubwa kifuani na mtu ninayetamani kumwambia kuliko wote ndiye nisiyeweza kumwambia.

Niliolewa miezi mitatu iliyopita na sitaki kukuchosha na sifa za mume wangu, niseme tu kwamba akinywa chai ananiachia ile ya chini yenye sukari, na akicheka, jirani wa upande wa pili wa ukuta naye anacheka bila kujua sababu. Mchana anachora ramani za nyumba, jioni anacheza gemu za mashindano kwenye laptopu yake na wenzake wanne wanaomwita Kapteni, na Jumamosi hii wana fainali ukumbini, mbele ya watu, fainali waliyoililia miaka miwili.

Mimi ni fundi cherehani. Wiki ya kwanza ya ndoa nilimshonea mto wa mahameli ya zambarau, nikautarizi herufi zetu mbili, ili akiweka laptopu mapajani isimuumize, naye akaupenda mno hata akawa hachezi bila huo mto. Haukupita mwezi, laptopu ikaanza kuugua. Akicheza dakika kumi feni inavuma kama nyuki waliochokozwa, picha zinakatakata, wachezaji wanaganda katikati ya mbio, kisha skrini inazima. Alinionyesha kipimo, chipu ya picha imefika digrii tisini na saba. Fundi wa dukani aliisikiliza feni tu, hata hakuifungua, akasema chipu imekwisha, atafute laptopu nyingine. Na wifi yangu, dada yake mkubwa, anayekuja kila Jumapili, akaegemea mlango akasema, "Mashine hii imekaa miaka miwili haina hata kikohozi. Kaja Bibi Joto, sasa inaungua."

Mume wangu akamjibu, "Dada, niachie mke wangu. Joto lake ni langu."

Nikajifanya natafuta chumvi jikoni, kumbe nalia, nusu kwa uchungu na nusu kwa mapenzi.

Basi Jumatatu alipokwenda kazini nikajiuliza, cherehani yangu ikikwama nafanya nini? Naifungua, naitoa manyoya ya vitambaa, naisafisha. Nikaizima laptopu, nikachomoa chaja, nikaigeuza kifudifudi, nikafungua skrubu kumi na moja na kuzipanga kwenye kibakuli cha vifungo kama zilivyotoka, nikachomoa na waya wa betri, kisha nikaitazama feni, mshauri. Vumbi lilikuwa la zambarau. Yalikuwa manyoya ya mahameli yangu mwenyewe, yameshikana na kuziba vijibati vya kupoozea kama blanketi. Mto wangu wa mapenzi ulikuwa unaiziba mashine pua, na juu ya hapo unailisha manyoya.

Nikasafisha kwa burashi ya cherehani, feni nimeishika kwa kidole isizunguke ovyo. Ile pesti inayokaa kati ya chipu na shaba, ya kupitisha joto, ilikuwa imekauka kama tope la mwaka jana. Nusura nipake dawa ya meno, maana zinafanana, lakini moyo ukakataa, nikaenda kwa muuza vipuri nikapata yenyewe, nikapaka tone dogo kama punje ya mchele. Nikafunga. Skrubu zote kumi na moja zilirudi mahali pake, haikubaki hata moja.

Jioni mume wangu akawasha, akacheza saa nzima. Digrii sabini na sita. Alininyanyua akanizungusha sebuleni hadi kandambili ikaruka, akasema, "Imepona yenyewe, mke wangu. Ni baraka za ule mto. Jumamosi naenda nao ukumbini, uko wapi?"

Nikamwambia nimeufua. Mshauri, kwa mdomo tu, huo mto nimeshaufua mara tatu wiki hii.

Nikisema ukweli, wifi ataambiwa kwamba alisema kweli, kwamba mimi ndiye niliyeiunguza. Nikinyamaza, Kapteni wangu ataurudisha mto chini ya laptopu, azimikiwe mbele ya ukumbi mzima. Nifanyeje?

Ni mimi,
Bibi Joto

MSHAURI ANAJIBU

Bibi harusi, barua yako imenifikia Jumatano, na gazeti letu hutoka Jumanne, kwa hiyo sikungoja, nilikupigia simu. Hapa nawaandikia wasomaji yale niliyokuambia, maana mito ya mahameli haiko kwako peke yako.

Kwanza hongera. Fundi wa dukani aliizika mashine ikiwa hai, wewe umeifufua kwa burashi ya cherehani. Lakini nikukaripie kidogo. Umefungua mashine ya mtu bila kumuuliza, wiki ya fainali. Ingepotea skrubu moja, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine, na hiyo isingekuwa na furaha ndani yake. Na hiyo dawa ya meno ibaki bafuni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe mama unaficha mpaka dawa.

Unamwogopa wifi? Alichosema ni kweli, joto uliingia nalo. Alichokosa kusema ni kwamba ulilitoa, na hilo hawezi kulisema kama hajaambiwa. Mtu aliyekutetea mlangoni kwa maneno matamu vile unamnyima nini?

Mwambie leo, kabla ya chakula, huku umeshika lile donge la manyoya ya zambarau, najua mshonaji hatupi kitu. Usijitetee kwanza, mwonyeshe. Kisha laptopu ikae juu ya meza ngumu, nyuma muiinue kwa vizibo vinne vya chupa ili ivute hewa kwa chini, acheze saa nzima nyote wawili mkitazama kipimo. Kila miezi mitatu muitoe vumbi. Na mto usiutupe. Aende nao ukumbini, auweke nyuma ya mgongo wake.

Jumapili nimepokea ujumbe huu, nauchapa kama ulivyo:

"Mshauri, nilimwambia. Alilichukua lile donge, akaligeuzageuza kiganjani, kisha akasema, 'Kumbe nimeoa fundi na siku zote najitapa kwamba nimeoa mshonaji.' Jana wamechukua kombe. Raundi ya mwisho mashine moja ya wapinzani ilizima, ya kwetu ikabaki digrii sabini na nane, na mto ulikuwa mgongoni kwake, herufi zetu zinaonekana hadi viti vya nyuma. Alipopewa kipaza sauti alimshukuru fundi wake, akaninyooshea kidole mbele ya wote. Wifi alikuwa kiti cha pembeni yangu. Tulipotoka nje akafungua mkoba, akatoa laptopu ya ofisini kwake, akasema, 'Bibi Joto, hii nayo inavuma. Hebu niangalizie.' Nimpe jibu gani?"

Mwambie aingie ndani, asiegemee mlango. Halafu chukua bisibisi.