Kikombe cha Shangazi

Mwenzangu, nimechefukwa.

Shangazi kaja kumwona Baba. Nikamweleza mlangoni kabisa: ni saratani ya ini, uvimbe umeziba mirija ya nyongo, ndiyo maana macho na ngozi vimekuwa njano. Haiambukizi. Akaitikia, "Nimeelewa, mwanangu."

Kuingia tu, akafuta kiti kwa kitambaa, kisha akatoa kikombe mkobani. KIKOMBE CHAKE! Kwa kaka yake wa tumbo moja!

Yaani kikombe! Kakifunga kwenye mfuko tangu kwake. Hana hata chembe ya haya.

Baba, fundi rangi kwa miaka thelathini, akamtazama, akatabasamu: "Kaa tu, dada. Rangi yangu imeshakauka, haitakuchafua."