Farasi wa Zamu

Masasi, Jumanne jioni, 1905

Hatimaye nimekimbia. Farasi wa misheni alitimua mbio nami mgongoni, kutoka mtoni hadi kanisani, na sikuanguka. Tangu nivunjike bega baada ya Pasaka nilikuwa nampanda kama mtu aliyekalia kaa la moto. Mwalimu Danieli, ninayepokezana naye farasi huyu siku kwa siku, hachoki kunifokea: "Mbane kwa magoti, mwalimu! Hatamu usiing'ang'anie!" Leo alinipigia makofi.

Walionishangaza ni watu. Majuma yote haya wanawake mashambani walinicheka wakiniita gunia la mtama. Leo walinyamaza, wakanipisha njia, wakageuza nyuso. Mzee Selemani, msuka mikeka, nilimpa shikamoo mara mbili. Hakuitikia. Alikuwa amejifunga bua la mtama kwenye paji la uso.

Nami, mpumbavu, nikadhani wananiheshimu kwa kuwa sasa najua kupanda.

Nilipomsimulia mke wangu, aliacha kusonga ugali. Kisimani pia hakuna aliyemsalimu, na dada yake mwenyewe alimnong'oneza avue msalaba. Danieli amesikia kwamba waasi wenye ile dawa ya maji ya kuzuia risasi, wanaojifunga mabua ya mtama kichwani na kuwawinda watu wa misheni, wameonekana njia ya Lukuledi. Yeye ana watoto watatu.

Tulikula. Kisha mke wangu akamtazama binti yetu, akashika tumbo lake lenye miezi saba, akauliza, "Baba Ana, mnyama yule anabeba wangapi?"



Kesho ni zamu ya Danieli.